Kumwona mfiziotherapia kabla ya daktari: wiki tisa katika kliniki moja ya Kigoma

Kliniki ninayoizungumzia ipo mjini Kigoma, mwendo mfupi kutoka barabara iendayo Ujiji, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuishi na ambayo sebule yake sasa imegeuzwa ukumbi wa mazoezi. Sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kuisifu. Nimehudhuria pale kwa wiki tisa nikiwa mgonjwa wa mgongo, na baadaye nikampeleka shangazi yangu mwenye tatizo la bega, kwa hiyo huduma hiyo nimeijua nikiwa juu ya kitanda cha uchunguzi na nimeijua pia nikiwa kwenye benchi la kusubiria.

Jambo linaloitofautisha kliniki hii na nyingine ni mahali mgonjwa anapoanzia. Kwa desturi yetu, mtu mwenye maumivu ya viungo humfikia mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa kutibu viungo na misuli kwa mazoezi, akiwa amekwisha kupita kwa kila mtu mwingine: amechuliwa nyumbani kwa mafuta ya mawese, ameumikwa kwa chuku, amechomwa sindano ya diklofenaki, ameonana na tabibu, amepigwa eksirei, na mwishowe amepewa karatasi iliyoandikwa neno moja tu, "fiziotherapia", kana kwamba neno hilo ni dawa yenye dozi inayojulikana. Mfiziotherapia anayepokea karatasi ya namna hiyo hubaki kuwa mtekelezaji. Huwasha taa ya joto, hunyoosha mguu, huhesabu hadi kumi, na humrudisha mgonjwa kwa aliyemtuma. Katika kliniki hii mgonjwa huanzia kwa mfiziotherapia mwenyewe, ambaye ndiye anayemhoji, anayempima, anayeamua tatizo ni nini, na anayesema kama kuna haja ya picha, ya dawa au ya daktari bingwa. Huko ng'ambo utaratibu huu una jina lake na ngazi yake ya mafunzo. Huitwa fiziotherapia ya ngazi ya juu. Hapa kwetu nilikuwa sijawahi kuuona ukifanya kazi, na nilikwenda nikiwa na shaka.

Mgongo wangu uliniuma tangu siku tulipohamisha madawati shuleni. Maumivu yalianzia kiunoni upande wa kushoto, yakashuka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja na kuishia kwenye shavu la mguu, na usiku yalinifanya nilale nimekaa. Siku ya kwanza mtaalamu alitumia takribani dakika 45 pamoja nami, na karibu nusu ya muda huo hakunigusa kabisa. Aliuliza kama haja ndogo inatoka kama kawaida, na kama nina ganzi katika sehemu ya mwili inayogusana na tandiko la baiskeli. Nilidhani ananitania, mpaka aliponieleza kuwa ganzi ya mahali hapo, ikiambatana na kushindwa kuzuia haja, ni dalili ya mishipa ya fahamu kubanwa chini ya uti wa mgongo, na kwamba mgonjwa wa aina hiyo hapewi zoezi lolote bali anakimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Kisha akaendelea: je, nimepungua mwili? Ninatoka jasho usiku? Ninakohoa? Nyumbani kuna aliyewahi kutibiwa kifua kikuu? Huwa ninakunywa maziwa yasiyochemshwa?

Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Orodha ya dalili za hatari inayofundishwa Ulaya imetungwa kwa kuwafikiria wagonjwa wa huko, na hutanguliza saratani na mivunjiko ya mifupa ya wazee. Anayepima migongo katika mkoa wetu hana budi kukumbuka pia kifua kikuu cha uti wa mgongo, kinachokula pingili taratibu huku mgonjwa akichuliwa miezi mitatu, pamoja na ugonjwa wa brusela, unaotokana na mifugo na maziwa mabichi na ambao huuma kiuno vilevile. Mtaalamu anayebeba orodha ya kigeni bila kuiongezea mambo haya atakuwa amesoma vizuri na bado akawakosa wagonjwa wake.

Baada ya hapo alinipima. Nilitembea kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Alinigonga goti na kisigino kwa nyundo ya mpira. Alinigusa kwa pamba kutoka gotini hadi kwenye kidole gumba cha mguu, huku akinitaka niseme ni wapi ninasikia kidogo. Na aliuinua mguu wangu ulionyooka mpaka maumivu yaliporudi kwa nguvu. Nilikuwa nimebeba picha tatu za eksirei, kila moja nimeilipia mahali tofauti. Aliziangalia kwa adabu, akaziweka dirishani penye mwanga, halafu akasema, "Mwalimu, picha hizi zinaonyesha mifupa, na mifupa yako ni ya mtu wa umri wako. Diski na neva hazionekani humu." Alinieleza kuwa diski moja, yaani kile kitako laini kilicho kati ya pingili, inaelekea kuisukuma neva, kwamba kwa watu walio wengi hali hiyo hupungua yenyewe ndani ya wiki au miezi kadhaa bila kupasuliwa, na kwamba kipimo cha MRI, picha inayoonyesha diski na neva zenyewe, kingehitajika tu kama mguu ungeanza kupoteza nguvu au kama miezi ingepita bila nafuu. Sitaficha kuwa niliondoka nimenyong'onyea kidogo. Mtu aliyetoa pesa hupenda kupewa kitu cha kushika mkononi, na mimi nilipewa maelezo, mazoezi manne na agizo la kutolala mchana.

Nafuu ilianza wiki ya tatu. Kufikia wiki ya tisa niliweza kusimama ubaoni vipindi viwili mfululizo. Siwezi kudai kuwa mazoezi ndiyo yaliyoniponya, kwa kuwa yeye mwenyewe aliniambia mwili hujiponya. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba sikuchomwa sindano nyingine, sikupigwa picha ya nne, na sikupanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta upasuaji, safari ya kilomita zaidi ya 1,200 ambayo ndugu zangu walikuwa wamekwisha kuanza kuichangia.

Kuhusu mazoezi yenyewe nina neno. Karatasi niliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na picha zake zilimwonyesha mtu aliyekaa kwenye sofa, akiinuka na kupanda ngazi zenye zulia. Mtaalamu aliona aibu kwa niaba ya karatasi hiyo, akachukua kalamu na kunichorea nyingine: namna ya kuinuka kutoka kwenye kigoda, namna ya kuinua ndoo kutoka kisimani, namna ya kushika jembe la mpini mrefu badala ya kuinama na lile fupi. Mchoro wake ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa na manufaa kuliko ile karatasi ya rangi. Inasikitisha kwamba kila mgonjwa anahitaji kuchorewa upya kwa sababu hakuna aliyekaa chini kuichapisha karatasi hiyo kwa Kiswahili.

Shangazi yangu anaishi Ujiji na ana umri wa miaka 58. Bega lake la kulia lilikuwa limekakamaa kwa miezi mitano, kiasi kwamba alishindwa kufunga mtandio wake mwenyewe na, jambo lililomuumiza zaidi, alishindwa kuinua mikono sawasawa anapoanza sala. Tulikuwa tumeambiwa ni baridi yabisi. Mfiziotherapia alimwamkia, akamwacha asimulie mpaka akachoka, kisha akajaribu kuuzungusha mkono wake kuelekea nje huku shangazi ameulegeza; haukuzunguka. Alieleza kuwa mfuko unaolizunguka ungio la bega umesinyaa na kukaza, kwamba tatizo hilo huwapata mno watu wa umri wa kati ya miaka 40 na 60, na kwamba huwapata zaidi wenye kisukari. Halafu akauliza lini mara ya mwisho shangazi alipima sukari. Hakuwahi kupima. Kesho yake asubuhi, kabla ya kunywa chai, kipimo kilisoma 14.2, kiwango cha mwenye kisukari.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Shangazi alikuwa amepita mikononi mwa watu wanne kwa ajili ya bega lile, na wote walitazama bega. Mtu wa tano, ambaye kazi yake kwa jina ndiyo bega lenyewe, ndiye aliyetazama nje yake. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya neno "ngazi ya juu". Mashine mpya na mbinu ya kigeni ya kunyoosha viungo vinaweza kununuliwa. Kazi iliyofanyika pale ilikuwa ya kujua ni lini tatizo la kiungo si la kiungo tu, na kulipeleka panapohusika.

Upande wa pili wa elimu hiyo ni kuijua mipaka yake, na mipaka hiyo tuliigonga mapema. Mtaalamu alisema kuwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya ungio ingeweza kumpunguzia shangazi maumivu, ila hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo sukari ishughulikiwe kwanza; na hata hivyo yeye haruhusiwi kuchoma. Nchini Uingereza wafiziotherapia waliopewa mafunzo ya ziada huchoma sindano hizo wenyewe, na tangu 2013 wenye sifa maalumu wameruhusiwa kisheria kuandika dawa bila kusubiri saini ya daktari. Nilimuuliza kama angependa madaraka hayo. Alicheka, akasema angependa kwanza fomu ya kuagiza eksirei yenye jina lake.

Ni vyema tukatazama mambo hayo ya Uingereza kwa makini kabla ya kuyaiga. Kule, wafiziotherapia walianza kupewa kazi za ngazi hii katika kliniki za mifupa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu foleni ya kumwona daktari bingwa ilikuwa ndefu, na wengi wa waliokuwa kwenye foleni hawakuhitaji upasuaji. Mfiziotherapia aliwekwa mlangoni kuchambua: huyu apite, huyu afanye mazoezi. Nyuma yake, hata hivyo, daktari bingwa alikuwapo. Akikosea au akitatizika, alivuka ukumbi na kugonga mlango. Mtaalamu wa kliniki yetu hana ukumbi wa kuvuka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili wake, hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa mkoa wa Kigoma, uliohesabiwa kuwa na watu karibu milioni 2.5 katika sensa ya 2022, kiwango kama hicho kingekuwa na maana ya wataalamu wasiofika 25 kuanzia Kakonko hadi Uvinza, wa aina zote kwa pamoja. Mahali pa namna hiyo, anayewekwa mlangoni kupunguza foleni hujikuta yeye ndiye mlango, ndiye foleni, na mara nyingine ndiye chumba chenyewe. Hiyo ni kazi kubwa kuliko ile ya Uingereza, na inafanywa kwa ulinzi mdogo.

Nasema ulinzi mdogo kwa sababu nilimuuliza ni nani aliyempa madaraka ya kuwaona wagonjwa kwanza, na alinijibu bila kuzunguka. Leseni yake ni ya mfiziotherapia kama ya mwingine yeyote. Mafunzo ya ziada aliyafuata kwa juhudi zake. Na mengine ni makubaliano kati yake na daktari mwenye kliniki, ambaye humpigia simu anapotatizika. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Wagonjwa humwita daktari, naye kila mara husahihisha, "Mimi ni mfiziotherapia," jambo ninalolihesabu katika sifa za kliniki. Lakini uaminifu wa mtu mmoja si utaratibu. Siku daktari huyo akihama, au siku mgonjwa mmoja akidhurika, sijui mtaalamu huyu atasimama juu ya nini.

Udhaifu huo tuliuonja wenyewe. Shangazi aliandikiwa barua ya rufaa ya kurasa mbili, safi, yenye vipimo vya bega kwa nyuzi na matokeo ya sukari, aipeleke hospitali moja ambayo nayo sitaitaja. Aliyempokea aliitazama saini, akauliza, "Daktari wake ni nani?", akaiweka pembeni na kuanza upya kumhoji, akamwandikia eksirei ya bega. Sukari ilishughulikiwa siku ya tatu, baada ya mimi kurudi na kuisoma barua ile kwa sauti. Bima yangu nayo ilikataa kulipia ziara zangu tatu za kwanza kwa kuwa hapakuwa na fomu ya daktari iliyonituma, na fomu hiyo ilipoandikwa baadaye ilionekana imechelewa. Nikalipa mwenyewe: shilingi 20,000 siku ya kwanza na 10,000 kwa kila ziara iliyofuata. Kwa mshahara wangu si pesa ndogo, ingawa zile picha tatu na sindano zilikwisha kunigharimu zaidi ya hapo. Mfumo unaomruhusu mtu kufanya kazi lakini ukakataa kuisoma barua yake humtoza mgonjwa mara mbili.

Kuhusu mazingira nitasema kwa ufupi. Mlango wa kuingilia una ngazi nne bila kishikizo. Mzee aliyepata kiharusi niliyemkuta pale alibebwa na wanawe wawili mbele ya watu wote, ilhali ngazi hizo zingefunikwa kwa mbao na misumari kwa siku moja. Choo ni cha kuchuchumaa, nacho hakina cha kushika. Ukumbi ni safi, mashuka hubadilishwa, pazia lipo. Saa za miadi hazifuatwi, na siku za Jumatatu nilisubiri hata zaidi ya saa moja na nusu. Mtaalamu si mwenyeji wa mkoa, na bibi mmoja kutoka vijijini asiyejua Kiswahili alitafsiriwa Kiha na mfanya usafi wa kliniki, aliyeifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa na, kama nilivyoona, bila kuongezewa kitu.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Katika wiki ya sita mtaalamu alisafiri kwa siku kumi, na hatukujulishwa. Aliyebaki ni kijana mwenye stashahada, mpole na mwenye bidii, ambaye aliendelea na mazoezi yetu vizuri lakini hakuwa na mamlaka wala mafunzo ya kubadili lolote. Siku mbili za juma hilo niliwaona wagonjwa wapya wakirudishwa nyumbani mlangoni. Mmoja wao alikuwa dereva wa bodaboda aliyevimba goti, aliyetoka mbali, na aliyeambiwa arudi wiki ijayo, sikumwona tena. Huduma ya ngazi ya juu inayokaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja huondoka naye anapopanda basi. Kama mwenye kliniki anataka ushauri wangu, asinunue mashine mpya ya umeme kama nilivyosikia anavyokusudia. Amwandalie kijana yule mafunzo, amruhusu akae na mkubwa wake wanapopima wagonjwa wapya, na ampitishe kwenye mtihani wa maswali yale ya hatari mpaka ayajue kama anavyojua jina lake.

Wapo watakaosema kuwa kuongeza madaraka kwa wasio madaktari ni kuwapa watu wa mikoani huduma ya daraja la pili. Hoja hiyo ina uzito, na mkoa huu una jibu lake. Katika vituo vya afya vya Kigoma, kupitia mradi wa afya ya uzazi uliodhaminiwa na Bloomberg Philanthropies tangu 2006, wahudumu wasio mabingwa walifundishwa upasuaji wa dharura wa uzazi, wakapewa vyumba, vifaa na usimamizi, na kina mama waliokuwa wakisafirishwa usiku kwa barabara mbovu wakaanza kujifungulia karibu na kwao. Mafanikio hayo hayakutokana na kuwaachia wahudumu wajitegemee. Yalitokana na mafunzo yenye mpaka unaojulikana na mtu wa kuulizwa. Fiziotherapia ikipewa vitu hivyo hivyo sioni kwa nini ishindwe, kwa kuwa hatari ya kumpima mtu mgongo ni ndogo kuliko ya kumpasua tumbo. Bila vitu hivyo, ninakubaliana na wenye shaka.

Kwa anayefikiria kwenda: mwenye maumivu ya kiuno, shingo, bega au goti yasiyotokana na ajali ya siku hiyo aende moja kwa moja, abebe dawa anazotumia na majibu ya vipimo vya zamani, na avae nguo anayoweza kuipandisha juu ya goti bila taabu. Mwenye bima aipate fomu ya daktari kabla, hata kama ni kwa kuonana naye dakika mbili. Aliyevunjika, mwenye homa, au aliyepoteza nguvu za mguu ghafla asipitie pale, aende hospitali. Afadhali kupiga simu kabla kuuliza kama mtaalamu mwenyewe yupo.

Shangazi sasa anatumia dawa za kisukari na huhudhuria kila Alhamisi. Mkono wake unafika usawa wa sikio, mtandio anaufunga mwenyewe kwa kuinamisha kichwa kidogo, na wiki iliyopita alinilalamikia kuwa zile ngazi nne za mlangoni zinamchosha kuliko mazoezi yenyewe.